Je, Yafaa Mkristo Kuchonga Mashetani?



Neno niliandikalo mwezi huu si neno jepesi, wala sikulitafuta mimi. Lililetwa mlangoni pangu na mzee mmoja wa usharika, fundi wa kuchonga mpingo. Alikuja jioni baada ya kazi, na vumbi jeusi la mti lilikuwa lingali katika nywele zake. Akaketi, akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Mwalimu, nina swali. Siku ya Jumapili napokea mkate wa Bwana kwa mikono hii. Siku ya Jumatatu nachonga mashetani kwa mikono hii hii, na mke wangu huyauza kando ya barabara. Watoto wangu wamesoma kwa mashetani hayo. Sasa wako watu usharikani wanaonong'ona. Je, mikono hii ni ya nani?"

Nilitaka kumjibu upesi, kama ilivyo desturi yetu sisi walimu, tunaoona haya kuonekana hatujui. Lakini neno halikunijia. Nikamwomba anipe siku chache. Yafuatayo ndiyo niliyoyafikiri katika siku hizo, pamoja na yale yaliyotokea baadaye. Nayaandika kwa kuwa najua ya kuwa katika sharika nyingi wako mafundi wa namna hii: wachongaji, wasusi, wachoraji, watengenezaji wa ngoma na shanga, ambao kazi yao imezaliwa katika mila za watu wasioamini, na dhamiri zao hazina raha.

Kwanza yapasa tuijue kazi yenyewe, maana si haki kumhukumu mtu kwa kazi tusiyoijua. Wamakonde wakaa juu ya nyanda zilizoinuka pande zote mbili za mto Ruvuma: huku kwetu katika Newala na Mtwara, na ng'ambo katika Mueda, nchi ya Msumbiji. Wazee wao husimulia ya kuwa mtu wa kwanza alikaa peke yake porini, asiyeoga wala kunyoa. Siku moja akachonga mti kwa mfano wa mtu, akausimamisha nje. Kulipokucha mti ule ulikuwa mwanamke, naye akawa mkewe na mama wa kabila lote. Kwa hiyo kwa Mmakonde kuchonga si mchezo. Asili ya watu wake yasimuliwa kuwa imetoka katika mkono wa mchongaji.

Zamani walichonga vinyago vya ngoma viitwavyo mapiko. Vilichongwa faraghani, mbali na macho ya wanawake na ya watoto ambao hawajatiwa jandoni, navyo vilivaliwa na wachezaji siku za kuwatoa vijana. Vinyago hivyo havikupelekwa sokoni. Katika karne ya 20 Wamakonde wengi wakavuka Ruvuma kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, wakaona ya kuwa wageni hupenda kazi ya mikono yao na kuilipia fedha. Hapo wakaanza kuchonga kwa mpingo. Mti huu hukua polepole sana, hata huhesabiwa miaka 70 na zaidi kabla haujafaa kukatwa. Upande wake wa nje ni mweupe, moyo wake ni mweusi, na ukitiwa majini huzama. Katika miaka ya 1950, huko Dar es Salaam, fundi Samaki Likankoa akaanza kuchonga sanamu za namna mpya: viumbe vyenye jicho moja, au mguu mmoja, au tumbo lililo wazi kama dirisha, kwa mfano wa mashetani wa porini wanaosimuliwa na watu wake. Mfanyabiashara Mohamed Peera alizinunua na kumtia moyo. Mafundi wengine wakamfuata, na hata leo ukienda Mwenge utawakuta vijana wameketi chini, tezo na patasi mikononi, wakiwatoa mashetani katika magogo.

Hiyo ndiyo kazi ya mzee wetu. Hakuna matambiko katika kuichonga. Haiombi wala haiogopi. Lakini jina lake ni shetani, na asili yake ni hofu ya kale ya watu. Basi tuseme nini?

Liko jibu kali, nalo ni la zamani sana. Karibu na mwaka 200 mwandishi Tertullian wa mji wa Carthage, katika Afrika ya Kaskazini, aliandika kitabu kizima juu ya ibada ya sanamu. Katika siku zake walikuwako Wakristo waliofanya sanamu za miungu kwa kuuza, na walipokemewa walijitetea kwa maneno ambayo mimi na wewe tungaliyasema: hatuna njia nyingine ya kuishi. Wengine walitaja hata maneno ya Mtume Paulo, ya kuwa kila mtu akae katika hali aliyoitwa nayo, na kwamba tufanye kazi kwa mikono yetu wenyewe. Tertullian hakuwahurumia. Aliwajibu ya kuwa kwa hoja hiyo hata mwivi angeweza kukaa katika wizi wake. Akawaonyesha ya kuwa mkono uwezao kumtoa mungu katika gogo waweza kwa wepesi zaidi kufanya kabati. Aliyezoea kupaka sanamu dhahabu apake viatu. Tena alisikitika kwamba watu wa kazi hiyo walikuwa wameingizwa hata katika utumishi wa kanisa. Taratibu za kale zinazohusishwa na jina la Hippolytus wa Roma zasema vivyo hivyo: mchongaji au mchoraji ajapo kutaka ubatizo, afundishwe asifanye sanamu za miungu, asipotaka kuacha, asipokewe.

Niliposoma hayo nilifikiri shauri limekwisha. Lakini liko na jibu la pili, nalo pia lina nguvu.

Nabii Isaya, katika sura ya 44, amcheka mtu aliyekata mti mmoja, nusu akaokea mikate na kuota moto, na nusu iliyobaki akaifanya mungu na kuisujudia. Nabii ataka tuone ya kuwa mti ni mti. Ulikuwa mti kabla ya kuchongwa, nao u mti baada ya kuchongwa. Naye Mtume awaambia Wakorintho ya kuwa sanamu si kitu katika ulimwengu. Kama si kitu, mzee wetu auza nini? Auza kuni nzuri.

Tena, mwanzoni mwa Machi 1522 Dr. Martin Luther alitoka Wartburg akarudi Wittenberg, kwa kuwa aliisikia fujo: watu walikuwa wakitaka kuziondoa sanamu makanisani kwa nguvu. Akahubiri siku nane mfululizo. Aliwafundisha ya kuwa sanamu si njema wala mbaya zenyewe. Mtu aweza kuwa nazo au kutokuwa nazo. Ubaya u katika moyo wa mwenye kuzitumainia, na moyo hauponywi kwa shoka. Aliwaambia kwa mfano ya kuwa wako watu waliabuduo jua na mwezi. Je, tuviangushe kutoka mbinguni? Na katika mji ule ule alikaa rafiki yake, Lucas Cranach, fundi wa kuchora, aliyekuwa shahidi wa ndoa ya Luther mwaka 1525. Cranach alichora picha za altare zinazopendwa hata leo. Lakini pia alimchora Venus, mungu mke wa Warumi, mara nyingi, akawauzia wakuu na matajiri, na hakuondolewa kwenye meza ya Bwana kwa ajili hiyo.

Basi tumepata majibu mawili, na kila moja lina watu wa heshima nyuma yake. Mtu mvivu atachagua lile limpendezalo. Sisi yatupasa tuulize: kwa nini yametofautiana?

Naona sababu ni hii. Katika Carthage ya Tertullian miungu ile ilikuwa hai katika mioyo ya watu. Aliyenunua sanamu aliinunua ili aitilie ubani. Fundi aliyeichonga aliijua njia yake yote, toka karakana mpaka madhabahuni. Lakini katika Wittenberg ya Cranach hapakuwa na mtu aliyemtilia Venus ubani. Hekalu zake zilikuwa magofu kwa miaka zaidi ya elfu. Alikuwa hadithi, na picha yake ilikuwa pambo la ukuta. Kwa hiyo Tertullian na Luther hawakupingana kama tunavyodhani. Mmoja alikataza kumlisha mungu aliye hai katika mioyo ya watu. Mwingine alikataza kumwogopa mungu aliyekwisha kufa.

Jambo hili twaliona hata katika Biblia. Musa aliamriwa afanye nyoka wa shaba, nao watu waliomtazama waliishi. Nyoka yule yule, siku za mfalme Hezekia, alivunjwa vipande vipande, kwa sababu Waisraeli walikuwa wakimfukizia uvumba. Shaba haikugeuka, wala umbo halikugeuka. Kilichogeuka ni mioyo ya watu.

Basi swali letu si, "Kitu hiki chafanana na nini?" bali, "Kitu hiki chafanya kazi gani katika moyo wa atakayekuwa nacho?" Na kwa swali hilo hatuwezi kujificha nyuma ya Luther na kusema kwamba mambo yote ni mapambo tu. Katika nchi yetu mizimu haijafa. Mgeni wa Ulaya aliwekaye shetani juu ya kabati lake amwona kama kichekesho. Jirani yetu aliyeugua mwaka mzima aweza kumwona kama bwana. Wala tusidhani ya kuwa kila Mzungu anunua pambo. Katika miaka ya 1950 Mwingereza Gerald Gardner alitangaza dini iitwayo Wicca, naye alisema ni uchawi wa kale wa Ulaya uliorudi. Leo katika Uingereza, Marekani na nchi nyingine wako watu waabuduo miungu ya zamani ya mababu zao, nao wanao mafundi wadogo wawafanyiao kwa mikono mishumaa, vikombe na sanamu za meza zao za ibada. Miungu iliyodhaniwa kufa yaweza kuamshwa.

Hapo nilikwama tena. Maana fundi aketiye kando ya barabara hawezi kuupima moyo wa kila mnunuzi. Akiambiwa ajue yote, hatauza kitu. Akiambiwa asijali kitu, atauza lolote. Nikatafuta mtu aliyekwisha kusimama katikati ya mashaka hayo, nikamkuta Paulo sokoni Korintho.

Nyama nyingi iliyouzwa Korintho ilitoka kwenye mahekalu. Mkristo angefanya nini? Katika 1 Wakorintho 10 Mtume awapa kanuni iliyo nyepesi na yenye akili. Kiuzwacho sokoni, kileni bila kuulizauliza. Ukialikwa kwa mtu asiyeamini, kula ulichoandaliwa. Lakini mtu akikuambia ya kuwa kitu hiki kimetolewa kwa sanamu, basi usile, kwa ajili yake yeye aliyekuambia na kwa ajili ya dhamiri. Nyama ni ile ile. Kilichozidi ni neno lililosemwa, na kwa neno lile wewe umekuwa shahidi: ama wa Kristo, ama wa sanamu.

Nadhani kanuni hii yamfaa fundi kama inavyomfaa mnunuzi wa nyama. Kuchonga hadithi za wazee, na watu wa porini wenye jicho moja, na kuviuza mahali pa wazi kwa kila apitaye, si ibada ya sanamu. Marehemu George Lilanga, aliyekufa mwaka 2005, alijulikana mbali kwa mashetani yake yaliyojaa vichekesho, yakifanya mambo ya kila siku kama sisi tunavyofanya. Aliyeyaona alijiona mwenyewe akacheka. Lakini mnunuzi akikuambia, "Nakitaka kitu hiki nikiabudu," au, "Nakitaka niwatishe watu nacho," neno limekwisha kusemwa. Muuza visu hana hatia ya kila kisu. Lakini akija mtu usiku akasema, "Nipe kile kikali, nina ugomvi na ndugu yangu," naye akampa, damu ile ataijibia pamoja naye.

Yako mambo mawili ya zamani yaliyonithibitishia neno hili. La kwanza ni lile la Efeso, katika Matendo 19. Sote twamkumbuka Demetrio, fundi wa fedha, aliyefanya vijumba vya Artemi. Tena twakumbuka ya kuwa alipowakusanya mafundi wenzake, neno lake la kwanza lilikuwa faida, ndipo akataja heshima ya mungu mke. Lakini mara nyingi twasahau yaliyotangulia katika sura hiyo. Watu waliokuwa wakifanya mambo ya uganga walileta vitabu vyao, wakavichoma moto mbele ya wote, na thamani yake ilihesabiwa vipande 50,000 vya fedha. Walivichoma, hawakuviuza. Wangaliweza kusema, "Sisi tumeamini, hatuvitumii tena, lakini jirani avitaka, tumwuzie, tuwape maskini fedha." Hawakusema hivyo. Walijua vitabu vile vilifanya kazi gani, na sumu niliyoitapika mimi siwezi kumwuzia jirani.

La pili ni habari ya mashahidi wa kale, mafundi wa kuchonga mawe wa Pannonia, waliofanya kazi siku za Kaisari Diocletian. Habari hiyo yasimulia ya kuwa walikuwa hodari kupita wote. Walimchongea Kaisari simba na tai. Walichonga hata Jua katika gari lake la farasi. Lakini walipoamriwa kuchonga sanamu ya Asclepius, mungu wa uganga, walikataa. Wakatiwa katika majeneza ya risasi wakiwa hai, wakatupwa mtoni. Waliowatazama huenda walishangaa: mmechonga Jua, kwa nini hili mwalikataa? Lakini mafundi wale waliujua mpaka. Jua lilikuwa pambo la jumba. Asclepius alikuwa wa kuombwa na wagonjwa. Naona mpaka wao ni ule ule wa Paulo.

Siku ya saba mzee wetu akarudi, nikamweleza hayo yote. Nilikuwa na furaha, nikidhani nimemletea raha. Lakini kadiri nilivyosema, kichwa chake kiliinama. Nilipomaliza alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Basi, Mwalimu, mimi nimeambiwa."

Ndipo aliponifunulia jambo lililomleta tangu siku ya kwanza. Mganga mmoja, mtu mwenye magari, alikuwa amemwagiza sanamu kubwa, urefu wa mtu, ya kuwekwa katika chumba apokeapo wagonjwa. Alimweleza wazi: iwe na macho ya kutisha, na tundu mgongoni la kutilia dawa, ili waingiao waogope, na walioogopa walipe. Alikuwa amempa fedha za mwanzo, nazo hazikuwa kidogo. "Na fedha hizo, Mwalimu, hazipo. Nimezipeleka chuoni, karo ya binti yangu wa mwisho. Gogo lenyewe limelala uani. Kila asubuhi naamka, nashika tezo, naiweka tena."

Wasomaji wangu, kuandika kanuni ni rahisi. Kumtazama usoni mtu ambaye kanuni yako yamgharimu ni jambo jingine. Nilitamani kwa kitambo nimtafutie mlango wa nyuma. Nikafikiri: mganga akikosa kwake, si atapata kwa fundi mwingine? Wagonjwa wataogopa vile vile, na binti atafukuzwa chuoni bure. Shauri hilo lilinipendeza. Lakini nilipolitazama vizuri nikaona ya kuwa kwa shauri hilo hakuna dhambi yoyote duniani isiyoweza kufanywa, maana daima yuko mwingine wa kuifanya. Mimi sikuulizwa juu ya mikono ya fundi mwingine. Niliulizwa juu ya mikono hii.

Nikamwambia, "Mzee wangu, naona unalijua jibu." Akasema, "Nalijua. Nilitaka tu mtu mwingine alijue pamoja nami." Akaondoka. Kesho yake alikwenda kwa mganga, akamwambia ya kuwa hataifanya kazi ile, na ya kuwa fedha zake atazirudisha kidogo kidogo. Hakumtukana. Na katika hili pia alinifundisha, maana karani wa mji wa Efeso alishuhudia mbele ya watu wote ya kuwa wenzake Paulo hawakuwa wenye kumtukana mungu mke wao. Kukataa ni ushuhuda. Matusi si lazima yafuatane nao.

Sasa niseme na wale wanaonong'ona. Baadhi yenu mwamlaumu mzee kwa kuwa sanamu zake ni mbaya za sura. Lakini ubaya mkubwa wa biashara ya vinyago, kama nilivyouona, hauko katika sura. Uko katika uongo. Wako wachuuzi wachukuao mti mweupe usio na thamani, wakausugua kwa dawa ya viatu, wakauuza kwa jina la mpingo. Wako wafukiao kinyago kipya matopeni kwa majuma kadhaa, kisha wakamwapia mgeni ya kuwa kimechezewa ngoma na babu wa babu. Amri ya saba na ya nane huvunjwa hapo kila siku, hata kama kilichouzwa ni umbo la malaika. Mzee wetu hajafanya hivyo hata mara moja. Mchonga shetani mkweli ni afadhali mbele za Mungu kuliko mchonga msalaba mwongo.

Hata hivyo, naye nilimwambia neno la ndugu aliye dhaifu. Usharikani mwetu wako waliobatizwa jana, ambao mpaka mwaka juzi walilala kwa hofu ya mizimu. Wakipita mbele ya nyumba ya mzee wa kanisa na kumwona shetani mlangoni, hawataona hadithi wala kichekesho. Wataona ya kuwa mzee naye ana bwana wawili. Ujuzi wetu usimwangamize mtu ambaye Kristo alikufa kwa ajili yake. Mzee alilikubali mara moja. Sasa sanamu zote zakaa karakanani, na akija mkristo mchanga, yeye humkaribisha ndani, humwonyesha gogo, na tezo, na jinsi jicho lile la kutisha lilivyotobolewa. Mmoja wao aliniambia ya kuwa tangu siku hiyo hofu yake imepungua, kwa kuwa amemwona shetani akitengenezwa.

Tena niseme na wale wafurahio jibu langu kwa kuwa haliwagusi. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529 Luther atufundisha ya kuwa kile ambacho moyo wa mtu umekitegemea, hicho ndicho mungu wake. Wengi wetu hatujashika tezo maisha yetu yote, lakini tunazo sanamu: fedha, cheo, jina la ukoo. Demetrio hakuwa na mungu mmoja, alikuwa na wawili, na Artemi alikuwa wa pili.

Lakini neno la mwisho ni letu sote tulio usharika. Nilipeleka jambo hili mbele ya baraza la wazee. Wote walimsifu fundi wetu kwa uaminifu wake, tukaomba, tukasema Amina. Kisha tukaendelea na shauri lililofuata, nalo lilikuwa kuagiza msalaba wa altare na vinara viwili kutoka duka moja la mjini, vitu vya kiwandani vilivyotoka nchi za mbali. Fedha zilikuwa tayari. Tulikuwa karibu kupiga kura, ndipo mama mmoja mzee, ambaye husema mara chache, akauliza: "Je, fundi wetu hajui kuchonga msalaba?"

Hakuna aliyejibu. Kwa miaka mingi mtu huyu alikuwa akiketi pamoja nasi. Tulipokea sadaka yake, nayo ilitoka katika mashetani, wala hatukuuliza. Tulinong'ona juu ya kazi yake, wala hakuna aliyempa kazi nyingine. Tertullian alisema kweli ya kuwa mkono umchongao mungu waweza kuchonga kabati. Lakini yampasa awepo mtu wa kulinunua kabati. Kanisa lisemalo "Acha" na kunyamaza, limesema nusu ya neno. Bezaleli aliitwa kwa jina na kujazwa Roho kwa kazi ya kuchonga miti na kukata mawe. Sisi naye Bezaleli wetu tulimwacha barabarani.

Kura haikupigwa siku ile. Kazi ya msalaba alipewa mzee, kwa malipo ya haki, naye aliukata katika gogo lile lile lililokuwa limelala uani. Msidhani ya kuwa mambo yote yamekwisha vizuri. Malipo ya msalaba hayakutosha deni. Mpaka niandikapo haya mzee angali akimlipa mganga kila mwisho wa mwezi, na binti yake amesimama masomo mwaka mmoja akiuza pamoja na mamaye. Jumatatu bado achonga watu wa porini wenye jicho moja, akawauzia wapita njia, na dhamiri yake i safi.

Basi, ndugu, kama katika usharika wako yuko fundi wa namna hii, usianze kwa kumwuliza anachonga nini. Mwulize kwanza ni nani amwagizaye kazi, na kama jina lako limo.